Jiwe Lenye Mimba

Kilichomkosesha Vedagiri usingizi wiki ile kilikuwa kitovu. Si chake, wala cha mtu yeyote mwenye pumzi, bali cha Mariamman, mama wa mvua, aliyekuwa ameketi katikati ya karakana yake pale Mamallapuram, pwani ya kusini mwa India, akingoja kukamilika. Vedagiri alikuwa akilainisha tumbo kwa tindo nyembamba, mawazo yakiwa kwenye kahawa, jiwe likamjibu kwa sauti asiyoitarajia. Alipogonga paja, jiwe liliimba. Alipogonga bega, liliimba. Alipofika juu kidogo ya kitovu, likasema "dub", likanyamaza.

Alifanya ambalo fundi yeyote mwoga angelifanya. Aliweka tindo chini, akachukua msasa, akaendelea kusugua magoti ya mungu kama mtu ambaye hakusikia kitu.

Wachonga mawe wa pwani ile husema jiwe lina jinsia yake. Jiwe dume hulia kama kengele, jiwe jike hulia kama upatu, na lisilo dume wala jike halilii kabisa. Hilo hupewa kazi ya ngazi na sakafu, likanyagwe na watu. Zaidi ya hayo kuna jiwe lenye mimba. Hilo limefunga kitu tumboni mwake: maji, au mchanga, au, kama wazee walivyokuwa wakiapa, chura aliye hai. Jiwe lenye mimba haliwekwi madhabahuni, hata liwe zuri vipi. Ndiyo maana jiwe hugongwa machimboni, likagongwa tena likishapasuliwa, likagongwa tena kila umbo linapozidi kujitokeza, kwa sababu jiwe nene lina siri nyingi kuliko jiwe jembamba.

Vedagiri aliligonga machimboni tu. Lililia vizuri sana, akafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Alianza na uso, jambo ambalo baba yake angelimchapa kwalo, maana uso huja mwisho. Uso ukamteka. Kila asubuhi alisema leo nitaligonga jiwe lote, na kila asubuhi aliona kidogo cha kurekebisha kwenye kope au pembe ya mdomo, mpaka siku ikaisha.

Na uso wenyewe, jamani. Ulikuwa uso wa mama aliyesikia mtoto akimwita kutoka chumba cha pili, na bado hajageuka. Watu waliokuja kununua sanamu ndogo za tembo waliingia wakipiga kelele, wakiuona walishusha sauti bila kuambiwa. Vedagiri alikuwa amechonga tangu meno ya utotoni, miungu yake imeketi katika mahekalu ya nchi kadhaa, lakini uso kama ule hajawahi kuupata, na kwa umri wake alijua hataupata mwingine. Aliupenda kupita kiasi. Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote nyumbani kwake.

Sasa siku ilikuwa imefika. Watu wa kijiji cha Sembadai walikuwa njiani kuja kumchukua mungu wao, na kesho yake alfajiri Vedagiri alipaswa kumfungua macho kwa tindo ya dhahabu. Kabla ya macho, yule alikuwa jiwe, na jiwe unaweza kulivunja. Baada ya macho, kumvunja ni kuua. Kwa hiyo kama kulikuwa na neno la kusema, lilipaswa kusemwa leo.

Alimwambia kwanza mdogo wake, Kothandam, aliyekuwa msimamizi wa karakana na msemaji wa ukoo, apende asipende mtu.

"Gonga tena," Kothandam alisema, sikio karibu na tumbo la jiwe.

Vedagiri akagonga.

"Nasikia jiwe."

"Sikiliza vizuri."

"Nasikiliza, kaka. Nasikia mashine ya jirani. Nasikia shemeji akigombana na muuza samaki. Nasikia na jiwe. Chura simsikii."

"Husikii kwa sababu hutaki."

"Na wewe unasikia kwa sababu hulali. Wiki nzima unadonoa chakula kama ndege. Shemeji ameshaanza kuuliza kama una mwanamke mjini."

"Mwambie anamwona kila siku anapoleta kahawa humu." Vedagiri akaitupia sanamu jicho.

Kothandam alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kaka, unajipalia makaa bure. Sembadai wamekaa na madhabahu matupu tangu sanamu yao ya zamani ipasuke. Mvua imewapita, ng'ombe wao unawahesabu mbavu. Leo wanakuja na lori na maua, na wewe unataka kuwaambia nini? Rudini, nimesikia dub?"

"Nitawaambia kilichopo."

"Ambacho hujakiona." Kothandam akasogea karibu, akateremsha sauti. "Basi kama roho yako inakataa, usiwape. Yule meneja wa hoteli ya Chennai aliuona uso huu akasahau kufunga mdomo. Anautaka pale mapokezi. Hotelini hakuna anayeabudu. Jiwe liwe na mimba, liwe na mapacha, nani atajali? Sembadai tutawachongea mwingine."

Nisifiche: moyo wa Vedagiri uliruka. Uso ungesalimika. Ungekaa mahali safi, chini ya taa nzuri, na yeye angeweza kupanda basi kwenda kuutazama kila alipoukumbuka. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa fundi wa miungu. Kisha akauona mungu wa mvua ameketi kando ya masanduku ya wageni, macho hayajafunguliwa na hayatafunguliwa kamwe, akaona haya, akatoka nje.

Miguu ilimpeleka kwenye mwamba mkubwa, ule uliochongwa na mafundi wa wafalme wa kale. Jua lilikuwa kali. Wanafunzi wa shule walikuwa wakimcheka yule paka wa jiwe aliyesimama kwa mguu mmoja, mikono juu, akijifanya mtawa huku panya wakimwabudu. Vedagiri naye alimcheka utotoni. Leo alitazama katikati ya mwamba, mahali ambapo baba yake alizoea kumshika kichwa na kumgeuza atazame.

Katikati ya mwamba ule pana ufa. Umeupasua kutoka juu mpaka chini, mpana wa kutosha mtu kujificha. Msimamizi yeyote wa leo angeukagua mwamba ule akasema haufai, tafuteni mwingine. Wale wa kale hawakuuziba wala hawakuukwepa. Waliuita mto. Ndani yake waliweka watu wa majini wenye mikia ya nyoka, viganja vimekutana, wanapanda kuelekea juu, na pande zote mbili wakaweka ulimwengu mzima: miungu inayoruka, watawa waliokonda, simba, tembo wakubwa kama tembo, na watoto wa tembo waliolala miguuni mwa mama zao. Wote wamegeukia ufa. Kila kiumbe kwenye mwamba ule kinatazama pengo ambalo tindo haikulifanya.

Vedagiri alisimama pale mpaka jasho likamwingia machoni. Alikuwa ameuona mwamba ule maisha yake yote, na siku ile ulimtisha. Mikono iliyofanya kazi ile imekuwa udongo, majina yao hakuna anayeyajua, na bado tembo wale wanapumua. Alijihisi mdogo, na udogo ule ulimpunguzia mzigo. Jibu hakupata. Jiwe lake halikuwa mwamba wa mlimani, lilikuwa la madhabahu, na sheria ya madhabahu haina mlango wa nyuma. Alichopata ni kwamba hofu ilikuwa imemtoka, na alirudi nyumbani kwa hatua za haraka kabla haijarudi.

Lori lilikuwa limeshafika. Wanawake wa Sembadai walikuwa wakishuka, sari zao za rangi ya manjano zimejaa vumbi la safari, mikononi matawi ya mwarobaini. Mbele yao alitembea bibi mmoja mfupi, mdomo mwekundu kwa tambuu, ambaye wanaume wa kijiji chake walimpisha njia bila kuguswa. Aliitwa Pechiyammal.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Kothandam alimwonyesha. Bibi alisogea, wenzake nyuma yake, na wote wakaufikia ule uso kwa pamoja. Kelele zilikatika. Mwanamke mmoja kijana alifunika mdomo kwa upindo wa sari. Mwingine alianza kulia kimyakimya, akacheka, akalia tena. Pechiyammal alisimama tu, tambuu imesahaulika shavuni.

"Amekuja," alisema mwishowe. "Kweli amekuja."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Ingekuwa rahisi kuliko kumeza mate. Vedagiri alimtazama mdogo wake, naye Kothandam akatikisa kichwa taratibu, akimsihi.

"Mama," Vedagiri alisema, "jiwe hili lina mimba."

Kothandam akafumba macho. Wanawake walitazamana. Hakuna mtu wa kijijini asiyejua maana ya maneno yale.

"Nani kasema?" Pechiyammal aliuliza.

"Nimelisikia mimi. Hapa tumboni, juu ya kitovu. Wengine hawalisikii."

"Wengine ni wanaume." Bibi akatema tambuu pembeni, akafuta mdomo. "Mimi ni mkunga, mwanangu, tangu kabla hujaoa. Nipishe. Na huyo wa mashine huko nje mwambieni apumzishe mkono."

Mashine ya jirani ilizimwa. Pechiyammal akapiga magoti, akalikumbatia jiwe kiunoni, akalaza sikio tumboni kama alivyolilaza juu ya matumbo ya kijiji kizima.

"Gonga. Polepole, wewe si askari mlangoni."

Akagonga. Bibi akainua kidole, Vedagiri akasogeza tindo; bibi akakitikisa, Vedagiri akairudisha.

"Kimo," Pechiyammal alisema. "Kitu kimo. Umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama. Niliogopa kuupoteza huu uso."

"Mficha uchi hazai," bibi alisema, bila ukali, akijishika goti ili asimame. "Haya. Sheria yenu inataka nini?"

"Haliwezi kukaa madhabahuni. Linavunjwa, na linavunjwa leo, kabla ya macho."

"Na uso?"

"Sijui. Jiwe likishaamua kupasuka haliniulizi mimi."

Yule mwanamke kijana akaingilia. "Bibi, tumchukue hivi hivi. Nani atajua? Tumetoka mbali, na nyumbani wanatungoja."

"Atajua yeye," Pechiyammal alisema, akionyesha sanamu kwa kidevu. "Na mimi najua. Mwenye mimba akikaa bila kujifungua anakufa, na waliomzunguka wanakufa naye. Nimeona. Huwezi kumpaka maua ukamwambia vumilia." Akamgeukia Vedagiri. "Mfungue."

Wafanyakazi wa karakana walirudi nyuma, kila mmoja akikumbuka shughuli fulani uani. Vedagiri hakuwalaumu. Alichukua kitambaa chenye maji akaufunika uso, akaligusa jiwe kwa viganja viwili na kuliomba radhi, kama wanavyofanya kabla ya pigo la kwanza, ingawa yeye alikuwa akifanya kabla ya la mwisho.

Alitoboa mashimo madogo kuzunguka kiuno, akaweka kabari za chuma, akaanza kuzigonga kwa zamu: hii, ile, ya nyuma, tena hii. Kothandam, hata baada ya mabishano yote, alikuja akashika kamba zilizomfunga mungu mabegani. Kabari zilipokazwa zilianza kuimba, kila mzunguko sauti ikapanda, nyembamba, nyembamba zaidi, mpaka meno yakauma kuisikia. Halafu jiwe likavuta pumzi. Waliokuwepo wanasema hivyo hadi leo, na mimi sina neno bora.

Sehemu ya juu iliinama mbele. Kothandam alivuta, kamba ikamteleza mikononi, na kifua, mikono na kichwa vikaanguka juu ya rundo la vipande vya jiwe. Kitambaa kiliruka. Uso ulipasuka kutoka paji mpaka kidevu.

Vedagiri hakuutazama. Alitaka kuutazama, shingo yake ilikwisha kuanza kugeuka, lakini alikuwa amekwisha kuona kilichobaki.

Sehemu ya chini ilikuwa bado imeketi, miguu imekunjwa, na pale palipokuwa tumbo palikuwa na bakuli. Kuta zake zote zilikuwa zimeota fuwele, zambarau kwenye mizizi, angavu kama maji kwenye ncha, zimesongamana, kila moja na pande zake zilizonyooka, kila ukingo mkali, kila kilele kimetimia. Ndani yake mlikuwa na maji. Yalikuwa bado yanatikisika kwa lile pigo. Jua la alasiri lilikuwa likiingia kupitia upenyo wa paa la makuti, likaangukia mle ndani, mahali ambapo mwanga haukuwahi kufika tangu dunia iumbwe, na mle ndani mkawaka. Rangi ya zambarau ilipanda kwenye videvu vya wanawake, ikacheza juu ya makuti, juu ya nyundo zilizotundikwa, juu ya mikono ya Vedagiri yenye vumbi.

Hapakuwa na chura. Hakuna aliyemkumbuka chura.

Vedagiri alipiga magoti. Maisha yake yote alikuwa akisugua jiwe ili ling'ae, na fuwele ndogo kabisa mle, isiyozidi punje ya mchele, ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa. Ilifanyika gizani. Haikufanywa ili ionwe. Ilikuwepo pale wafalme wa kale walipozaliwa, ilikuwepo walipokufa, na wiki nzima yeye alikuwa akiiogopa kama ugonjwa. Alilia, na hakuona haya kulia mbele ya wateja.

"Kaka," Kothandam alisema. Akakaa chini juu ya vumbi, kamba bado mkononi.

Ndipo wanawake walipopiga vigelegele. Alianza mmoja, kwa hofu, kisha wote, mpaka majirani wakaja mbio na nyundo mikononi wakidhani kuna harusi au kifo. Walipoingia na kuona, walisimama mlangoni kama walivyokuja, na mmoja wao, mzee aliyechonga miungu mingi kuliko Vedagiri, alivua viatu.

Vigelegele vilipotulia, Pechiyammal alikuwa ameshaanza kutoa amri. "Leteni jani la mgomba tumfunike, maji yasimwagike. Na majani makavu loriani, mengi. Tunaondoka naye."

"Na nani?" Vedagiri aliuliza.

"Na huyu."

"Mama, hana kichwa."

"Cha kufanyia nini? Kijijini kwetu Mama alikuwa jiwe tupu lililopakwa manjano kabla babu zako hawajajua kushika tindo. Hakuwahi kulalamika."

"Lakini sheria..."

"Sheria inakataza jiwe lenye mimba. Huyu ameshajifungua."

Vedagiri alipekua kichwani yote aliyofundishwa na baba yake, mstari kwa mstari, akitafuta neno la kumpinga bibi yule. Hakulipata. Mzee aliyevua viatu naye alikuwa akitafuta, ilionekana usoni mwake, kisha akainua mabega.

Wakambeba. Ilibidi wanaume wote wa mtaa washike, na Pechiyammal akitembea kando, kiganja juu ya jani la mgomba, akiwakemea kila walipoyumba. Vedagiri alibaki nyuma kidogo. Sasa aliutazama uso. Ulikuwa juu ya rundo, nusu mbili, mdomo umegawanyika, na bado ulikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Uliuma. Alijua utauma miaka yote iliyobaki. Na bado alipousikia mlango wa lori ukifungwa alikimbia, mtu mzima na kitambi chake, kwa sababu hakutaka lile bakuli liondoke kabla hajaliona tena.

Wanawake walikuwa wamepanda. Wawili walikuwa wameshika sinia: nazi, tambuu, na shuka mpya ya hariri yenye upindo mwekundu, ile ambayo kila kijiji humvisha fundi aliyewachongea mungu. Pechiyammal aliitoa kwenye sinia, akaikunjua, akasubiri.

Vedagiri alirudi nyuma hatua moja.

"Hapana, mama. Siwezi kuivaa hiyo. Kazi yangu mimi ni ile iliyovunjika kule ndani. Hiki mnachoondoka nacho sikukitengeneza mimi."

Bibi alimtazama kutoka juu ya lori, mkono mmoja na shuka, mwingine bado juu ya tumbo lililofunikwa.

"Hawa wote unaowaona humu nimewazalisha mimi," alisema. "Huyu, huyu, na yule anayelia. Hakuna hata mmoja niliyemtengeneza. Shuka nilipewa kila mara, na nikaivaa. Inama nikuvike, tuna safari ndefu."

Vedagiri akainama.